Kikapu cha mgeni na neno "cheap"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nauza leso Biashara Street. Juzi alisimama dukani mgeni Muingereza, mkononi ana kikapu cha ukili, akaniambia amekinunua shilingi 500 Marikiti. Nami kwa kumsifu nikamwambia, "Your basket is very cheap." Uso ukamgeuka, akaenda zake bila kununua hata doti moja. Kwani nilimtukana?
Muuza leso, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukukusudia, lakini alisikia umemwambia kikapu chake ni cha ovyo.

"Rahisi" yetu, ambayo wewe uliigeuza "cheap", haina kijembe. Tuliipata kwa Waarabu, na kwao ni kitu cha bei ya chini. Sisi ndio tulioinyoosha hadi ikafika kwenye kazi isiyo na taabu. Nilipokuwa nikisomesha, sikukosa insha iliyoandikwa "the exam was cheap", mwanafunzi akikusudia "easy". Nilikuwa nikicheka peke yangu, mke wangu akija kuchungulia kulikoni.

"Cheap" hutaja bei na papo hapo hutia shaka ubora. Mtu akisemea chake, "it was cheap", anajisifu kwa kujua kununua. Ukimsemea wewe, umemshusha. Ungesema "You got a good price", sifa ingemwendea yeye. Na leso zako ziite "affordable". Mtu naye akiitwa "cheap", hasa na Wamarekani, ni bahili.

La pili hukuniuliza, lakini vibao vya madukani vinanikera: "cheap prices"! Kwetu bei huwa rahisi, sawa. Kwa Kiingereza kilichonyooka bidhaa ndiyo "cheap", bei ni "low".

Neno lenyewe halikuzaliwa na aibu hii. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa nomino, maana yake biashara. London kuna mtaa uitwao Cheapside, uliokuwa soko kubwa zama za kati, na pembeni yake mpaka leo kuna Bread Street na Milk Street, majina ya vilivyouzwa pale. Aliyenunua vizuri alisema amepata kitu "good cheap", yaani kwa biashara nzuri. Baadaye "good" ikadondoka, "cheap" ikabaki peke yake, na dharau ikaja kuingia nyuma yake.

Basi mgeni akirudi, mwambie duka lako liko Cheapside ya Mombasa. Mwache acheke kwanza, ndipo umtajie bei.