Waashanti walikuwa na tiba, au hirizi tu?

Ndugu, umeuliza kama Waashanti, watu wa Ghana ya leo, walikuwa na tiba ya maana kabla ya ukoloni au ni hirizi tu. Vyote viwili, na wao hawakuona haja ya kuvitenganisha. Asantehene, yaani mfalme wao, alikuwa na Nsumankwaahene, mkuu wa waganga wa ikulu, msimamizi wa dawa na kinga ya kiroho ya mfalme. Cheo hicho kipo Kumasi, mji mkuu wao, mpaka leo. Hirizi nazo ziliheshimiwa kweli, hasa zile za Waislamu kutoka kaskazini. Zilishonewa kwenye mavazi ya vita.

Ila mimi ningeanza na usafi, jambo ambalo watu hulisahau wakisikia "dawa za jadi". Ujumbe wa Waingereza ulipofika Kumasi mwaka 1817, T. E. Bowdich, mmoja wa wajumbe hao, aliandika kwamba taka za kila nyumba zilichomwa kila asubuhi nyuma ya mtaa. Nyumba zilikuwa na vyoo vya shimo refu sana, vingine hata ghorofani, vikimwagiwa maji yanayochemka kila siku. (London ya miaka hiyo tuiache tu.)

Katika msafara huohuo alikuwemo tabibu, Henry Tedlie. Huyu aliorodhesha mimea ya dawa ya wenyeji pamoja na matumizi yake: upi wa tumbo, upi wa kidonda. Orodha hiyo ilichapishwa mwaka 1819 ndani ya kitabu cha Bowdich. Ukitaka pa kuanzia kusoma, anzia hapo.