Land Rover 109 ya kurithi: rangi baadaye, kwanza fumua kazi za waliotangulia

Mkuu, umesema gari la marehemu mzee ni Land Rover 109 (ile ndefu) Series III ya dizeli, limekaa chini ya mwembe miaka sita, linachemsha, asubuhi linagoma kuwaka, taa zinafifia, usukani unapepea, na fundi kakushauri uanze na bodi na rangi ili "upate moyo". Nilipitia hayo hayo na yangu ya 1978 hapa Korogwe. Hela ya rangi ifiche hata wewe mwenyewe usiione. Gari la umri huo lina magonjwa yake, halafu lina tiba za mafundi Maiko (wa kubahatisha) wote waliowahi kulala chini yake. Kwangu tiba ndizo zilizokuwa zinaumiza zaidi.

Anza na vinavyoua. Yangu nikikanyaga breki ilikuwa inavuta kushoto kama inataka kuingia dukani. Kila mtu akasema badili brekishuu. Nikalala chini, nikakuta paipu ya breki ya mbele kulia imekunjwa na kubanwa kwa praizi mpaka ikaziba. Silinda ya tairi hilo ilivuja siku moja huko porini, mtu akalitoa tairi kwenye mfumo ili oili isiishe afike nyumbani. Kwa porini ile ni akili. Tatizo alifika nyumbani salama, akasahau, akaja kuniuzia mimi.

Kwenye usukani ndipo nilipokosa usingizi. Tairodi endi moja (kile kiungo cha mwisho cha fimbo inayogeuza tairi) nyuzi zake zilikuwa zimelika, na badala ya kununua nyingine wameichomelea. Juu wakapaka grisi nyingi, huoni kitu mpaka uifute. Chuma kilichochomelewa namna ile hakikupi taarifa siku kikiamua kukatika. Lako lifute leo, kabla hujalisogeza hata mita kumi.

Sasa kuchemsha. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto mnaijua, ni mlima, mimi nilikuwa sifiki Soni iliyo njiani bila kusimama na madumu ya maji. Hapa nilifanya ujinga wangu mwenyewe: nilinunua rejeta ya mtumba kabla ya kuchunguza. Ikachemsha vilevile. Baadaye nikafungua kile kikombe cha juu mbele ya silinda hedi, nikakuta termostati (vali inayofunguka maji yakipata moto) haipo. Wameitoa, kwa ile imani kwamba nchi yetu ya joto haiihitaji. Injini hii ya lita 2.25 ina njia ya mkato inayorudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Termostati ya aina yake ikifunguka inaziba na huo mkato. Ukiitoa, mkato unabaki wazi muda wote, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani tu huku rejeta inakaa inapigwa upepo bure. Nikaweka sahihi, nikarudisha na kava la feni ambalo walilitupa. Mlima ule sasa naupanda gia ya pili taratibu, sindano imetulia. Kwa hiyo usikubali hedi ishushwe kabla hujaangalia hapo. Hedi ikishushwa bila sababu utapata sababu.

Umeme: chukua mita, iweke kwenye volti, waya mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye bloku ya injini, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, ethi yako (njia ya kurudisha umeme kwenye betri) mbovu. Yangu ilisoma zaidi ya 2. Waya wa ethi ulikuwa umefungwa juu ya rangi ya chesesi! Nilikwangua mpaka chuma kikang'aa, nikaongeza waya mnene, na taa zilizokuwa kama kibatari zikawaka. Na fyuzi ukikuta ni karatasi ya pakiti ya sigara, usishangae, toa tu.

Kugoma asubuhi kulinichukua wiki mbili. Hita plagi (zinazopasha injini joto kabla ya kuwasha) za asili za dizeli hii zimeungwa kwa mfuatano, umeme unapita ya kwanza ndipo uende ya pili, na kila moja ni ya volti chache tu. Moja ikifa zote zinazima. Kuna mtu alibadilisha iliyokufa akaweka ya volti 12 katikati ya wenzake, ikameza karibu umeme wote, kwa hiyo zile tatu nyingine hazikuwa zinapata joto la maana. Niliweka nne za volti 12, nikaziunga sambamba, nikaondoa na rezista. Sasa sekunde kumi na tano, inawaka.

Chesesi igonge na nyundo ndogo kote. Pazima panalia ngee, pabovu panalia pu. Boriti ya nyuma ilikuwa imejazwa gazeti, juu bati, juu pati, juu rangi nyeusi. Kuongeza bati juu ya kutu ni kuifungia kutu chumbani. Kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, ndipo welda aunge. Bodi nayo ni aluminiamu, wameshaipiga ribiti za chuma, na palipogusana na chuma panatoka unga mweupe na kuliwa. Tumia ribiti za aluminiamu, na katikati tenganisha kwa rangi au mpira.

Jambo dogo linalokera: bolti nyingi humo ni za inchi. Spana ya 13 inaingia kwenye kichwa cha nusu inchi, lakini inalegea na kukila. Nimekuta bolti za milimita nane zimelazimishwa kwenye matundu ya inchi, nyuzi zote zimekwisha. Nunua seti ya spana za inchi, na usimwazime mtu.

Yangu ilichukua miezi kumi na nne, na rangi sijapaka mpaka leo. Transfa (gia boksi ya pili, inayopeleka nguvu mbele na nyuma) bado inadondosha oili, nimeitegea kopo la maziwa chini. Wewe tuma picha za tairodi na hicho kikombe cha termostati, tuanzie hapo.