Barua kwa mwanangu: Mwaka mpya wa mwezi wa saba

Mwanangu,

Waalaykum salaam warahmatullah. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa jikoni, mwiko mkononi, tui likakatika kwa kukutegea masikio. Pweza tulimla hivyo hivyo.

Umesema mjukuu wangu kaulizwa skuli huko Mwanza mwaka mpya unaanza mwezi gani, akaandika "wa saba, kwa bibi". Akapata kosa, wenzake wakamcheka, akarudi nyumbani analia. Sasa unaniuliza umweleze nini kuhusu Mwaka wetu wa huku Makunduchi, Unguja, na sikukuu zetu nyengine, zimetoka wapi na kwa nini tunazo. Na ukaongeza kwa sauti ya chini, nadhani mkeo alikuwa karibu, mtoto akikuuliza kama Mwaka ni dini ujibu vipi.

Usiende kugombana na mwalimu. Hakukosea, na mtoto naye hakukosea. Swali halikusema mwaka wa nani. Mwambie kwa bibi tuna miaka mitatu inayokwenda pamoja, na mwenye mitatu hawezi kuchekwa na mwenye mmoja. (Hili usimfundishe akawaringie wenzake. Basi, mfundishe kidogo.)

Anza na hesabu, maana yuko darasa la pili na hesabu anaziweza. Upo mwaka wa serikali wa Januari, huo anaujua. Upo mwaka wa Hijria unaofuata mwezi, una siku 354 hivi, kwa hiyo kila ukirudi unauwahi mwaka wa jua kwa kama siku 11. Ndiyo maana Idi aliyozaliwa yeye ilikuwa ya mvua na ya safari hii ni ya jua kali. Ataiona Idi ikizunguka misimu yote, na mzunguko mmoja unachukua kama miaka 33. Mimi nimeshamaliza wa kwanza na wa pili naukaribia.

Mfundishe na majina yetu ya miezi, maana humo mna asili ya mambo kuliko maelezo yangu yote. Ramadhani ikimalizika tunaanza kuhesabu tokea siku tuliyofungua: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Tisa, halafu Rajabu, Shaabani, na Ramadhani tena. Idi kubwa iko tarehe kumi Mfunguo Tatu, Maulidi tarehe kumi na mbili Mfunguo Sita. Mtoto akishayajua hayo hahitaji kuambiwa kwamba mwaka wa wazee wake ulizungushwa kwenye saumu. Anaisikia kila anapotaja mwezi.

Sasa mwaka wa tatu, uliomliza. Huu tunauita Mwaka au Nairuzi, na neno lenyewe ni la Kiajemi: nau ni mpya, ruz ni siku. Kwa Waajemi siku hiyo iko Machi, tarehe 20 au 21, usiku na mchana vinapolingana. Atakuuliza mbona kwetu Julai. Mjibu kwa kunde, kama nilivyokuwa nikikufundisha weye kugawanya. Jua linataka siku 365 na karibu robo. Hesabu ya zamani ilikuwa 365 kamili, ile robo hakuna aliyeishika. Kila miaka minne mwaka unawahi siku moja, na ikipita miaka 400 umewahi karibu siku 100. Uajemi walikaa wajuzi wao wa nyota, Omar Khayyam akiwemo, wakairekebisha hesabu mwaka 1079. Huku pwani hesabu ya 365 ikaendelea na njia yake. Waparsi wengi wa India, watu wenye asili ya Uajemi, nao waliishika ile isiyo na robo, na mwaka wao sasa uko Agosti. Kwa hiyo Julai yetu si kosa la mtu asiyejua kalenda. Ni kalenda ya zamani iliyoachwa itembee.

Na kwa nini Waislamu, wenye mwaka wao wa mwezi, waliendelea kuishika? Hapa ndipo ninapotaka ukae na mtoto usimharakishe. Mkulima wa Makunduchi hawezi kupanda kwa kufuata mwezi, maana mwezi unamkimbia siku 11 kila mwaka. Nahodha naye anataka kujua kusi litaanza lini na kaskazi litarudi lini. Kwa hiyo wazee walihesabu siku kumi kumi kuanzia siku ya Mwaka, kila kumi wakaiita mwongo. Miongo 36 na siku tano za juu, mwaka umetimia. Babu yangu alikuwa akisema mwongo fulani mtama uwe umeshaingia ardhini, na tulipokuwa wadogo tulidhani anataja jina la mtu. Hiyo ndiyo asili: shamba na bahari vilitaka mwaka usiokimbia.

Kuhusu nani aliyeuleta, nakuomba usimpe hadithi ya majahazi saba yaliyotoka Shirazi, Uajemi, na watoto wa mfalme, ukaishia hapo. Ni hadithi nzuri, nami niliipenda, lakini akikua akasoma atajua ulimpunja. Mwambie kilichopo. Kizimkazi Dimbani, hapa jirani, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, kwenye kibla ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Hesabu mwenyewe, ni miaka 28 tu baada ya ile kazi ya akina Omar Khayyam. Watu wa Ghuba na wa pwani hii walikuwa wakijuana zamani hizo. Na mwaka 2023 wataalamu walitangaza walichokisoma katika mifupa ya wazee waliozikwa Mtwapa, Manda, Kilwa na kwengineko pwani: asili ya upande wa kina baba wengi ni Uajemi, ya upande wa kina mama ni Afrika, na mchanganyiko huo ulianza kama mwaka 1000. Nilipoisikia habari ile nilicheka peke yangu. Jina la sikukuu ni la Kiajemi, lakini nani aliyekuwa akipika siku hiyo, akiimba, akiwafundisha watoto, kama si hao kina mama? Mwaka ulikuja na jina lake, ukapewa mwili hapa. Mapanda ya migomba tunayopigania siku hiyo hayakutoka Shirazi.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kukwambia.

Ulikuwa na miaka minane, tunakaa mjini, Kikwajuni. Mwaka ule jirani yangu mmoja alinambia kile kibanda cha makuti kinachochomwa siku ya Mwaka kwenye uwanja wa Kae Kuu ni ibada ya moto, na anayempeleka mtoto kutazama ana dhambi zake. Sikuuliza mtu mwengine. Niliona haya, nami nilikuwa nimeshaanza kujiona mtu wa mjini. Ukanijia, "Mama, mbona hatwendi shamba kwa bibi?" Nikakujibu, "Mambo ya kijinga yale."

Huku Makunduchi bibi yako alikuwa amepika, amekaa anatungoja. Unajua mila yetu, siku ya Mwaka nyumba haikai bila mgeni, ni mkosi. Ilipofika adhuhuri hatukutokea, akatoka barabarani akamshika mkono fundi wa kuziba masufuria aliyekuwa akipita na mzigo wake, akamkalisha mkekani, akamlisha wali wetu. Fundi yule akawa anarudi kila Mwaka mpaka bibi alipofariki, na masufuria ya nyumba ile hayakuvuja tena. Tulipokwenda kumtembelea mwezi uliofuata, weye ulimwambia mbele ya watu, "Bibi, mama kasema mambo ya Mwaka ni ya kijinga." Akacheka. Hakunambia neno. Akakupa sahani yako.

Kwa hivyo swali lako la dini nimeshawahi kulijibu vibaya, na nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiri upya. Mwambie mjukuu wangu kwamba Idi zetu ni mbili, na hizo zimetoka kwa Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam. Mwaka si Idi. Hatuuswalii. Ni mila ya watu wa hapa, ya kuuaga mwaka na kuondoa kinyongo. Mwambie pia, asije akaambiwa na mwengine kwa ubaya, kwamba wapo wazee wenye mambo yao ya mizimu kabla ya siku yenyewe, na wapo masheikh wanaoyakemea, na hapa kijijini tunajua wote. Mtoto wa miaka minane anaweza kuelewa kwamba watu wanaopendana hawakubaliani kwenye jambo. Asichoweza kukielewa ni mama yake kusema "ya kijinga".

Jina lenyewe limfumbue macho: Mwaka Kogwa, mwaka unaogwa. Watu waliteremka baharini kuuosha. Kisha uwanjani wanaume wa upande wa kusini na wa kaskazini wanapigana kwa mapanda ya migomba, kila mtu anapiga na kupigwa, na ikimalizika imemalizika. Kama mtu alikuibia mbuzi mwezi wa tatu, hapo ndipo pa kumtandika, na jioni mnakula pamoja. Wanawake tunazunguka tumevaa, tunaimba, na hao unaowajua kwa upole wao utawasikia wakichambana kwa nyimbo mpaka uone haya. Kibanda kinachomwa, watu wanatazama moshi umeelekea wapi. Kula na kutembeleana kunaendelea siku nne.

Lakini haya yote usiyamwage kwa mkupuo kama mwalimu. Mimi nilifundisha, najua, mtoto anakumbuka alichobeba. Unakumbuka fitri, ile zaka ya mwisho wa Ramadhani? Nilikukalisha usiku wa kuamkia Idi na kibaba na gunia la mchele, vibaba vinne pishi moja, pishi moja kwa kila kichwa cha nyumba, na lazima ifike kwa mwenyewe kabla ya swala. Ukahesabu vichwa, ukauliza paka mbona hatolewi. Asubuhi ukabeba mwenyewe, ukagonga mlango, ukasema "fitri hii", ukakimbia. Nani aliyekueleza asili ya fitri? Hakuna. Uliibeba. Siku hizi naona watu wanatuma pesa kwa simu, na wanaopokea wanashukuru, sina neno. Ila mtoto wako umpe kibaba mkononi. Akishagonga mlango ndipo umwambie kwamba Idi isiyomfikia jirani haijafika. Na baadaye mpe pesa za kiwanjani, asiambiwe sikukuu ni kubeba mchele tu. Weye pale Mnazi Mmoja ulimaliza zako kwa urojo na bahati nasibu, ukarudi unalia.

Kuna jambo moja katika ujumbe wako halikunipendeza. Ulisema unataka ajue "utamaduni wake", ukataja wa kwetu tu. Mtoto ana mama Msukuma. Karibu na hapo mlipo, Bujora, Kisesa, kila mwezi wa sita kuna Bulabo. Ilianzia kwenye sikukuu ya Kanisa ya Ekaristi, ikachukua ngoma za Wasukuma, na pale Wagika na Wagalu wanashindana kucheza, kila upande na dawa zake na nyoka wake. Nimeuliza nikaelezwa na mkwe wangu mwenyewe kwenye simu, tulizungumza mpaka salio likatukatia. Pande mbili! Nilimwambia, basi nyinyi Wagika na Wagalu, sisi kusini na kaskazini, mtoto huyu kazaliwa kwenye mashindano. Mpeleke Bujora akaone. Akaulize kwa babu yake wa huko kwa nini ngoma ya Wasukuma imo kwenye sikukuu ya Kanisa, na akija kwangu aulize kwa nini neno la Kiajemi limo kwenye sikukuu ya Waswahili. Atajionea mwenyewe kwamba maswali hayo ni ndugu, na hapo mwalimu wake akimuuliza tena mwaka mpya unaanza lini, atamrudishia swali.

Mwezi wa saba nitume nauli au mtajitegemea wenyewe? Natania. Leteni mtoto. Tangu bibi yako alipofariki, na yule fundi naye hatumuoni tena, nyumba hii haina mgeni wa Mwaka wa uhakika, na mimi miguu yangu haiwezi kusimama barabarani kukamata wapita njia. Mgeni wangu awe yeye. Ataambiwa na mjomba wako amshike mtu wa umri wake, na panda lake tutamkatia dogo, lililolainika. Mkeo asiogope, watoto wanapigana pembeni na wanacheka zaidi kuliko kupigana.

Ila msimvalishe shati jipya. Utomvu wa mgomba ukishaingia kwenye nguo hautoki, hata kwa ndimu.

Mama yako,
Makunduchi