Mpiga piano wa kumsindikiza mtoto kwenye mtihani wa vayolini

Dada, umeuliza utampata wapi mpiga piano hapa Nairobi, mtoto ana mtihani wa ABRSM (bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza) wa ana kwa ana, vayolini gredi ya 3, na zimebaki wiki 6. Zinatosha ukianza leo. Mtahini hasindikizi mtu, yaani hampigii mtoto piano anapopiga vayolini. Kila mtahiniwa huja na mpiga piano wake, na vipande 3 vya muziki anavyosindikizwa peke yake vina alama 90 kati ya 150.

Anza na mwalimu wake wa vayolini, maana anaruhusiwa kumsindikiza. Kama hapigi piano, ulizia Kenya Conservatoire of Music, halafu walimu wa piano, halafu wapiga kinanda wa kanisani. Hawa wa kanisani wengi ni hodari kweli, ila hupiga kwa sikio au kwa sol-fa (do-re-mi), na hapa kinachotakiwa ni kusoma noti. Yeyote utakayempata, mpe ukurasa wa noti asioujua, apige polepole huku ukihesabu kwa sauti. Akikosea noti lakini hesabu ikaendelea, mchukue. Akisimama kila anapokosea, mwache, hata awe na vidole vyepesi vipi. Mtoto akiteleza, naye atakwama.

Mpe noti siku hiyohiyo, na ziwe za piano: zile zenye mistari ya vayolini juu na ya piano chini yake. Pakiwa pagumu anaruhusiwa kupunguza noti, mradi muziki usiharibike.

Mazoezi 3 ya nusu saa yanatosha. La kwanza ni la kukubaliana mwendo. Katika la pili, mtoto aruke mstari makusudi, mpiga piano amdake bila kusimama. Zoezi hili msiliache kabisa. La tatu lifanyike kwenye piano halisi. Kinanda cha funguo 61 hukosa noti za chini, na kitufe cha kuhamisha noti zote juu au chini (transpose) kikisahaulika kimewashwa, vayolini ndiyo itakayosikika imekosea.

Malipo mpatane mapema: mazoezi mangapi, nauli, na itakuwaje tarehe ikibadilika.

Siku yenyewe, mpaka gredi ya 5 mpiga piano anaruhusiwa kumsaidia mtoto kutuni nyuzi, kwa kufuata noti ya A ya piano ya chumba kile. Vipande vipigwe mfululizo, kwa sababu vikiisha mpiga piano hutoka, na kwenye skeli (ngazi za noti) mtoto hubaki na mtahini peke yao. Mwambie mtoto hilo mapema, asishtuke akisikia mlango unafungwa.