Kabla hujakubali senti 80 kwa maili, soma hii (kwa wanaotaka kuingia lainholi Marekani)

Haipiti muda sijapata meseji ya kijana wetu mmoja, kaka nimemaliza CDL (leseni ya malori makubwa), kuna kampuni wameniahidi senti 80 kwa maili, nikachukue? Na mimi namuuliza kitu kimoja tu, zile saa ambazo tairi hazizunguki wanakulipa ngapi? Hapo wengi wanakaa kimya maana hawakuuliza.

Kwa ambao hawaijui hii kazi, kuna makampuni hapa Marekani yanabeba mzigo usiojaza tela zima, paleti mbili za huyu, sita za yule, ndio inaitwa LTL. Mchana madereva wa mjini wanakusanya, jioni watu wa doki (sehemu ya kupakia na kushusha) wanapanga kwa uelekeo, usiku sisi wa lainholi tunautoa terminali moja kwenda nyingine ili asubuhi mzigo uwe umefika. Old Dominion, Saia, Estes, XPO, FedEx Freight, ABF, hayo majina utayaona sana barabarani usiku, kichwa kimoja kinavuta vitela viwili vya futi 28, na kwenye baadhi ya majimbo kama Oregon na Utah, au ile barabara ya kulipia ya Ohio, utaona hata vitatu. Ruti nyingi unatoka jioni unarudi asubuhi unalala kwako. Aliyewahi kukaa wiki tatu njiani analala nyuma ya siti ataelewa kwanini watu wanaigombania.

Sasa hela. Chukua mfano wa kubuni, ruti ya maili 500. Kampuni ya kwanza inalipa senti 75, basi, hakuna kingine. Hiyo ni dola 375. Lakini umefika yadi tela halijamaliza kupakiwa umekaa saa moja, umefunga vitela, umefika kule umevunja seti (umetenganisha vile vitela viwili) ukafunga nyingine, ukasubiri tena, jumla umetumia saa 12 na nusu. Gawanya, ni dola 30 kwa saa. Kampuni ya pili inalipa senti 70 tu, vijana wanaicheka, ila inakupa dola 25 za kufunga na kufungua tela na dola 28 kwa kila saa ya kusubiri. Ukisubiri saa mbili inakuja dola 431, yaani kama 34 na nusu kwa saa, kwa usiku ule ule na uchovu ule ule. Kwahiyo ukiwa kwenye intavyuu uliza malipo ya kufunga seti, ya kusubiri, ya gari kuharibika, ya barabara kufungwa kwa theluji na unalazwa hoteli, na uliza kama kule unakofika unatakiwa kuingia doki kushusha mzigo kwa forklifti na kwa bei gani. Usione aibu, HR (watu wa ajira) wamezoea.

Na usitegemee ovataimu. Sheria ya kazi ya hapa ya mwaka 1938 inamlipa mtu moja na nusu akipita saa 40 kwa wiki, lakini madereva wa malori yanayovusha mizigo majimbo wametolewa humo kwenye sheria ya taifa. Kampuni zipo zinazolipa kwa hiari yao au kwa mkataba, ila ukiambiwa hakuna usidhani unaibiwa, wameruhusiwa. Na saa zenyewe zina kikomo, kuendesha mwisho saa 11 ndani ya dirisha la saa 14, halafu saa 10 za kupumzika, mashine ndani ya gari inarekodi kila kitu, kwahiyo ukichelewa yadi saa tatu zile maili hazirudi.

Kuna mtu atasema mbona jamaa yangu anapata karibu laki moja ya dola kwa mwaka lainholi. Ni kweli, maili 2,500 kwa wiki kwa senti 78 ukifanya wiki 50 inafika 97,500, na kwa dereva wa tela hapa nchini wa kawaida takwimu za serikali za 2024 zilikuwa zinasoma kama elfu 57 na kitu, kwahiyo lainholi inalipa, sibishi. Ila muulize huyo jamaa ana miaka mingapi pale.

Maana huku kila kitu ni sinioriti. Mwenye miaka mingi anachagua ruti yake ya kudumu, anajua saa ya kuondoka, anajua maili zake. Wewe mgeni unawekwa ekstra bodi, maana yake unakaa na simu, dispacha (anayepanga safari) anakupigia njoo baada ya saa mbili, leo unaondoka saa 1 jioni kesho saa 7 usiku, wiki nyingine Januari au Februari mzigo umepungua unapigiwa siku tatu tu. Hapo ndio vijana wengi wanakata tamaa wanaacha wakaanze upya kampuni nyingine, na kule nako wanaanzia chini kabisa, kila mwaka wao ni wageni. Uliza mapema, ekstra bodi ina uhakika wa malipo ya chini kwa wiki? Mtu wa mwisho kupata ruti ya kudumu hapo alikaa muda gani? Hilo swali kwangu lina thamani kuliko senti tano za maili. Na usiishie kwa HR, nenda yadi jioni wakati watu wanafunga seti, waulize madereva wenyewe.

Halafu sinioriti haihami na wewe. Kampuni ya LTL ya Yellow ilipofunga milango katikati ya 2023 watu kama elfu 30 walikosa kazi, wengi ni wanachama wa chama cha wafanyakazi cha Teamsters, na dereva mwenye miaka 25 pale akienda kwingine anakuwa mgeni kama wewe uliyetoka shule. Sisemi chama ni kibaya, ABF na TForce zina Teamsters na mikataba yao iko wazi unasoma mwenyewe kila senti, nasema angalia pia afya ya kampuni.

Kazi yenyewe usije na fikra za usukani tu. Kati ya vitela viwili kuna doli, chuma chenye ekseli yake, ina uzito wa tani moja na zaidi, unaisogeza kwa mkono, usiku, kwenye barafu. Migongo ya watu inaishia pale. Nunua viatu vyenye meno na glovu za maana, na usione noma kumwita mwenzako au kuitumia gari kuiweka sawa. Tela zito linatangulia mbele siku zote, ukikubali kufungiwa zito nyuma kwa sababu dispacha ana haraka basi ukikwepa kitu ghafla lile la nyuma litachapa kama mkia wa kenge. Na seti ya tela mbili hairudi rivasi kwa maana halisi, ukijiingiza kwenye kona mbaya unashuka unaivunja upya.

Usingizi ndio mtihani mkubwa na kwetu una sura yake. Unalala saa 3 asubuhi kwa saa za mashariki ya Marekani, Dar ni saa 10 jioni kipindi cha kiangazi cha huku, ndio ndugu wote wametoka kazini wanakumbuka kukupigia. Shangazi hajui kama umelala, anajua ni mchana Marekani na wewe hupokei simu umekuwa na maringo. Waambie mapema wapige usiku wako, saa 8 usiku huku kwao ni saa 3 asubuhi, unaongea kwa hedseti, kushika simu mkononi ukiendesha hili gari faini ya dereva inaweza kufika dola 2,750. Ziba madirisha na pazia nzito, na presha usiipuuze, daktari wa DOT (wizara ya usafirishaji) akikuta imefika 140 kwa 90 kadi yako ya afya inakuwa ya mwaka mmoja badala ya miwili, na chipsi za vituo vya mafuta usiku kucha zinaifikisha huko haraka.

Kwenye leseni hakikisha una endosimenti (kibali cha ziada) ya tela mbili na ya hazimati (mizigo ya hatari), bila hizo kampuni nyingi hazikuangalii kwa lainholi, kwa sababu kwenye mzigo mchanganyiko hukosi rangi, betri au dawa za kusafishia. Ya hazimati inapita TSA (idara ya usalama wa usafiri), alama za vidole na makaratasi ya uhamiaji vinaangaliwa, anza mapema. Kiingereza pia, tangu Juni 2025 askari wa ukaguzi akiona huwezi kumjibu au kusoma alama za barabarani anakusimamisha kuendesha pale pale. Wenzetu wa Kongo na Burundi waliozoea Kifaransa limewagusa hili, fanyeni mazoezi ya maswali ya ukaguzi kwa sauti.

Kama huna CDL bado, kampuni kadhaa kubwa za LTL zinaajiri mtu wa doki halafu zinamsomesha udereva kwa gharama yao ila unasaini kukaa muda fulani. Ndio, utabeba boksi kweli kweli. Lakini unajua forklifti, unajua madispacha, na kwenye baadhi ya kampuni miaka yako ya doki inahesabiwa kwenye likizo na pensheni. Mimi ningemshauri mdogo wangu aanzie hapo kuliko kwenda kwa wale wanaotafuta madereva kwenye magrupu yetu ya wasap, wanakulipa asilimia 30 ya bei ya mzigo, fomu ya 1099 (unahesabiwa umejiajiri), bima hakuna, kodi yote juu yako na lori sio lako.

Na ombi peleka mwezi wa tatu au wa nne, mzigo ukianza kupanda, upate miezi kadhaa ya kupigiwa simu kabla Januari haijafika.