Kisanduku cha taa nilichomtengenezea binti yangu

Binti yangu alichelewa kulia alipozaliwa. Kufika miezi minane tukaona hafuati uso wa mtu, ila taa ya ukutani anaikodolea mpaka shingo inapinda. Daktari wa macho alimpima, akatueleza kuwa macho yenyewe ni mazima. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayopokea picha. Ndiyo maana leo atakiona kijiko, kesho kijiko hichohicho kinampita. Hapa kwetu Makorora, Tanga, wakasema mtoto anadeka. Hadeki.

Mwenye mtoto wa namna hii, kabla hujanunua chochote, punguza vitu mbele yake. Kinachomshinda zaidi ni wingi. Kijiko juu ya kitenge chenye maua, kwake ni kama hakipo. Kiweke juu ya kitambaa cheusi, mkono utakwenda.

Kisanduku cha taa, yaani boksi lenye taa ndani na mfuniko unaopitisha mwanga, kinasaidia kwa sababu hiyohiyo: chumba giza, kitu kimoja kinang'aa, basi. Wenzetu wa American Printing House for the Blind, taasisi ya vitabu na vifaa vya wasioona iliyoanzishwa mwaka 1858 huko Louisville, Marekani, wanavyo vya kiwandani na vifaa vyake vya rangi. Mimi nilibeba boksi la plastiki la kuwekea nguo, lile la rangi ya maziwa, nikaenda kwa fundi redio Ngamiani.

Fundi akatoa taa za mkanda, hizi wanazopachika kwenye dari za jipsamu, zinabadilika rangi na kuwaka-kuzima zenyewe. "Dada, hizi mtoto atafurahi." Nikamwambia hapana fundi, huyu ana kifafa. Taa za kuwaka-kuzima zinaweza kuamsha kifafa kwa baadhi ya watu, na watoto walioumia ubongo wengi wanacho. Akanifungia nyeupe tupu, za volti 12 na adapta yake.

Usiku wa kwanza binti yangu aligeuza uso ukutani. Nikalia, nikajua hela imekwenda. Kumbe mwanga ulikuwa mkali mno. Nilibandika karatasi nyeupe tatu chini ya mfuniko, ndipo akageuka.

Halafu likaja kosa la pili, na hili ndilo baya zaidi: nilimwachia boksi tupu. Alilikodolea nusu saa, ametulia, na mimi nafurahi jikoni. Hakujifunza kitu. Mwanga ni chambo tu. Sasa nafunika juu kwa manila nyeusi niliyoikata tundu kama sahani, na kitu kinakaa hapo kwenye tundu, kimoja. Watoto hawa wengi huvutwa na nyekundu au njano. Wangu ni njano. Nilijaribu nailoni za kufungia zawadi, nikajaribu bangili, lakini kilichomshika ni chungwa la Muheza. Nilikata kipande chembamba kama shilingi, nikakilaza kwenye tundu. Vyumba vya chungwa vikawaka, kila kijipande na mstari wake, mbegu moja nyeusi katikati. Alinyoosha mkono polepole, akaligusa, akalibandua, akalila. Somo letu la kwanza likaishia tumboni.

Kisanduku usikilaze chini. Wengi wao upande wa chini hauoni vizuri, kwa hiyo mimi nakiegemeza kwenye mto kiwe mbele ya uso. Redio zima. Ukishaweka kitu, nyamaza. Ubongo wake unachukua muda. Mimi nahesabu kimoyomoyo hadi ishirini, na mama mkwe tumeshagombana kwa sababu hawezi kukaa bila kusema "angalia, angalia!" Dakika kumi zinatosha, akichoka acha.

Usichukue maneno yangu kwa kila mtoto. Mwenye ualbino mwanga humuumiza, yeye anahitaji kofia na kivuli. Na uoni hafifu una sababu nyingi, kwa hiyo apimwe kwanza.

Kila wiki chache naongeza karatasi chini ya mfuniko, mwanga upungue. Juzi umeme ulikatika saa kumi jioni, dirisha liko wazi, na kikombe chake cha njano kiko juu ya manila ileile. Nikahesabu. Kwenye kumi na saba akakichukua, akakigeuza chini juu kutafuta maji.