Kijana wangu anataka namba yake iwekwe kwenye akaunti yangu, nikubali?

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Moshi. Akaunti yangu ya pensheni niliifungua zamani sana na kwenye fomu nikajaza simu ya mezani ya nyumbani, enzi hizo hata hii 027 ya mwanzoni mwa namba ilikuwa haijaja. Simu yenyewe ilishakatwa miaka mingi. Juzi nimeenda benki naambiwa akaunti haina namba ya mkononi, ndo maana hela ikiingia sipati meseji, na huduma ya kuangalia salio kwa simu siwezi kujiunga. Kijana wangu yupo Dar anasema mama weka namba yangu, mimi ndo najua mambo ya simu, wewe una kitochi tu. Nikubali?
Mwalimu mstaafu, Moshi

JIBU: Shikamoo mwalimu. Hapana, usikubali, na wala sio kwamba kijana ana nia mbaya. Ile simu ya mezani benki waliichukua ili wakikutafuta wakupate basi, hata angeipokea jirani hela yako isingeguswa maana cha kutolea hela kilikuwa ni sahihi yako pale dirishani. Namba ya mkononi siku hizi inafanya kazi nyingine kabisa. Ukijiunga na huduma ya simu benki inakutambua kwa hiyo namba, meseji za miamala zinaenda huko, namba ya kuthibitisha muamala (code) inaenda huko, ukisahau namba ya siri mara nyingi safari ya kuweka mpya inaanzia huko huko. Kwahiyo aliyeshika laini ndo ameshika mlango wa akaunti. Kijana akiibiwa simu kwenye daladala Dar, ni pensheni yako Moshi ndo iko hatarini, na wewe hata hutojua maana meseji zilikuwa zinaingia kwake.

Kitochi kinatosha mwalimu, usidharauliwe. Huduma za kubonyeza nyota kama *150*66# ya NMB au *150*03# ya CRDB hazihitaji intaneti wala simu ya kupangusa.

Ila kabla hujaenda benki kuna kitu kimoja nakuomba sana uangalie, laini yako imesajiliwa kwa jina la nani? Usajili wa alama za vidole ulianza 2019 na zoezi la kuzima laini ambazo hazijasajiliwa likaanza Januari 20, 2020, sasa kipindi kile watu wengi kitambulisho cha NIDA hawana, wazee vidole vimechakaa mashine haisomi, ikabidi mtoto au mjukuu aweke kidole chake ili laini ya bibi isizimwe. Ilisaidia kwa wakati ule lakini mpaka leo ziko hivyo hivyo. Matokeo yake simu ikipotea, anayeweza kurudisha laini ni mwenye kidole sio mwenye hela. Piga *106# kwenye hiyo hiyo simu, fuata maelekezo, utaona jina linalosoma. Halafu kwenye menyu hiyo hiyo angalia namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ukikuta usiyoijua nenda duka la kampuni ya simu ikafutwe. Kama laini inasoma jina la mjukuu, nendeni wote wawili mkahamishe umiliki kwanza.

Baada ya hapo ndo uende tawini mwenyewe na kitambulisho na kadi yako, sema unataka kubadilisha taarifa za mteja, utapewa fomu ujaze na usaini. Ile namba ya mezani waambie waifute kabisa isibaki pembeni. Na usiondoke pale mpaka meseji ya kwanza ya benki imeingia kwenye simu yako ukaiona kwa macho. Ukiweka namba ya siri ya simu isifanane na ya kadi, na jitahidi uibonyeze mwenyewe hata kama yule binti wa dirishani ana haraka.

Kijana akitaka kusaidia, akusaidie kusoma meseji siku akija likizo.

SWALI: Mambo kaka, mimi niko Muscat nafanya kazi. Laini yangu ya Tanzania niliiacha kwenye droo nyumbani, sasa nataka kutuma hela kutoka akaunti yangu ya Tz benki inatuma code ya kuthibitisha kwenye ile laini, na nikiipigia anapokea mtu simjui!! Nifanyeje?
Msomaji, Muscat

JIBU: Dada, acha kila kitu upige benki leo, namba ya huduma kwa wateja utaikuta nyuma ya kadi, waambie wafunge huduma ya simu kwenye akaunti yako. Kama nyumbani hakuna aliyeichukua ile laini basi kilichotokea ni kwamba laini isiyotumika kwa muda mrefu kampuni huizima halafu namba inauzwa kwa mtu mwingine, huyo anayepokea huenda ni mteja wa kawaida kabisa ameinunua dukani, ila meseji za salio lako anazisoma. Ukishafunga ndo uwaulize utaratibu wa kubadilisha namba ukiwa nje, maana kila benki ina wake, na kama wanakubali namba ya Oman au lazima iwe ya nyumbani. Mkishaweka mpya ya Tanzania usiiache kwenye droo, kaa nayo, iwashwe, iwekwe salio na itumike mara kwa mara.

Na nyie mlioko nyumbani, simu ikigoma mtandao ghafla wakati wenzako wa mtandao huo huo wanapiga vizuri, usikae ukisubiri, azima simu upige kampuni yako uulize kama kuna mtu amerudisha laini yako, yaani amepewa laini mpya yenye namba yako, halafu piga benki. Matapeli wanafanya hivyo, laini ikishakuwa kwao code zote za benki zinaenda kwao. Meseji zao za kuomba hela ziripoti 15040.

SWALI: Tuna duka la vifaa vya ujenzi Mwanza, risiti zetu zina namba ya mezani ya 028. Akaunti ya biashara tuiache na hiyo hiyo?
Mfanyabiashara, Mwanza

JIBU: Ya mezani ibaki kwa mawasiliano, wateja wanaiamini. Za miamala wekeni laini ya mkononi iliyosajiliwa kwa jina la biashara, isiwe ya karani, maana karani akiacha kazi anaondoka na simu yake.